Mwanafunzi wa Mwalimu Mmoja Hubaki Mwanafunzi

Mpiga dramu wa roki akihojiwa, hazipiti dakika nyingi kabla hajaulizwa ni akina nani waliomfundisha kwa mbali. Majibu karibu yote hupita njia moja: John Bonham wa Led Zeppelin, Keith Moon wa The Who, Ringo Starr wa The Beatles, Charlie Watts wa Rolling Stones, Ginger Baker wa Cream, Neil Peart wa Rush. Majina hutajwa kama mtu anavyotaja ukoo wake, kisha mazungumzo yanahamia kwingine, kana kwamba kumtaja babu kunatosha kueleza sura ya mjukuu. Hakutoshi. Maelfu ya vijana walisikiliza santuri zilezile za Bonham, lakini waliotoka na mtindo unaotambulika kwa sekunde chache ni wa kuhesabu. Kwa hiyo jina la gwiji pekee halielezi kitu. Linaloeleza ni kile mwanafunzi alichochukua, na jinsi kilivyobadilika kilipofika mikononi na miguuni mwake. Hoja ya makala hii ni kwamba mtindo hauzaliwi kwa kumwiga gwiji mmoja vizuri. Unazaliwa pale mpigaji anapolazimika kuwapatanisha magwiji wawili watatu wasiofanana, na mara nyingi mmoja wao huwa nje kabisa ya roki.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote umo katika wimbo “Rosanna” wa bendi ya Toto, uliotoka mwaka 1982 na kushinda tuzo ya Grammy ya rekodi ya mwaka. Mpiga dramu wake, Jeff Porcaro, alieleza mwenyewe katika video ya mafunzo mdundo ule aliuunda kwa vipande gani. Msingi ni shafo, ambapo kila pigo hugawanywa mafungu matatu na fungu la katikati huachwa kimya. Ndiko kuyumba kwa bluzi kunakotoka. Bernard Purdie, mpigaji wa studio za New York, alikuwa amelijaza lile fungu la kimya: mkono wa kulia ukipiga haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu, kwenye fungu la kwanza na la tatu, mkono wa kushoto unaigusa kidogo snea, ngoma ndogo yenye nyaya chini yake, kwenye fungu la kati, taratibu kiasi kwamba sikio hulihisi pigo kabla ya kulisikia. Pigo zito la snea huja mara moja tu katika kila mapigo manne, kwenye la tatu. Purdie aliupiga mdundo huo katika “Home at Last” ya Steely Dan, mwaka 1977. Miaka miwili baadaye Bonham aliupiga kwa namna yake katika “Fool in the Rain”, akiongeza uzito wa mguu na kuiachia haihati ifunguke ghafla kisha ijifunge. Porcaro alichukua yale mapigo ya chinichini ya Purdie, akachukua mwendo wa Bonham, kisha kwenye ngoma ya mguu akaweka mdundo wa mwanamuziki Bo Diddley wa miaka ya 1950, ambao ni ndugu wa klave, mdundo wa msingi wa muziki wa Cuba.

Ukivichambua vipande hivyo, hakuna hata kimoja alichokibuni Porcaro. Hata hivyo, mtu anayeifahamu fani hii hawezi kuisikia “Rosanna” akadhani ni Purdie au Bonham. Kuna sababu ya kiufundi. Mguu unaopiga mdundo wa Bo Diddley hauendi sambamba na mkono unaoyumba kwa shafo. Kila upande unavuta kivyake. Ili visigongane, Porcaro alilazimika kuupunguza uzito wa Bonham na kuusawazisha wepesi wa Purdie mpaka kila kiungo kipate nafasi yake. Huko kupunguza na kusawazisha ndiko kunakosikika kama Porcaro. Angemfuata Purdie peke yake, angekuwa Purdie wa pili, na studio za Marekani hazikuwa na haja ya Purdie wa pili wakati wa kwanza alikuwa bado anaitwa kazini.

Bonham naye, ambaye wengi humfanya chanzo cha kila kitu, alikuwa mrithi. Alizaliwa Redditch, karibu na Birmingham, mwaka 1948, akajifundisha mwenyewe. Utangulizi wa dramu katika “Rock and Roll” ya Led Zeppelin, ya mwaka 1971, ulianza pale alipoanza kupiga, wakati wa kurekodi, utangulizi wa “Keep A-Knockin'” ya Little Richard, wimbo wa mwaka 1957 ambao mpiga dramu wake alikuwa Charles Connor, mzaliwa wa New Orleans. Zisikilize mbili hizo mfululizo, utaona jinsi kitu kinavyoweza kuwa kilekile na kingine kwa pamoja. Connor anakimbia kwa wepesi, kama mtu anayefungua mlango ili mwimbaji aingie. Bonham anaiacha haihati wazi, anazidisha uzito, na msikilizaji hupoteza pigo la kwanza mpaka gitaa linapoingia na kumrudisha njiani. Nyuma ya Connor yupo Earl Palmer, mwana mwingine wa New Orleans, aliyepiga dramu kwenye “Tutti Frutti” mwaka 1955. Palmer alieleza kwamba aliacha shafo na kuanza kuyanyoosha mapigo kwa sababu mkono wa kulia wa Little Richard kwenye piano ulikuwa unapiga moja kwa moja bila kuyumba, na yeye akaona hapana budi kuufuata. Mpiga dramu, basi, alijifunza kutoka kwa mpiga piano. Na lile pigo la pili na la nne lililokuja kuwa uti wa mgongo wa roki, Palmer alilikuza akitoka kwenye muziki wa mitaani na wa jazi ya mji wake.

Ukoo wa pili unapita kwa Gene Krupa, aliyemfanya mpiga dramu kuwa nyota wa jukwaa alipokuwa na orkestra ya Benny Goodman katika miaka ya 1930. Kabla ya hapo, akiwa kijana Chicago, Krupa alikuwa akienda kuwasikiliza Baby Dodds na wapigaji wengine Weusi waliohama kutoka New Orleans, na hakuficha kwamba alijifunza kwao. Mwaka 1959 ilitoka filamu ya maisha yake, na mmoja wa waliovutwa na filamu hiyo ni Neil Peart wa Canada. Bonham pia alimhusudu Krupa. Watts, kwa upande wake, hakuanzia roki hata kidogo: alipomsikia mpiga dramu wa jazi Chico Hamilton akipiga kwa brashi kwenye santuri ya Gerry Mulligan, aling'oa shingo ya banjo yake na kuigeuza snea. Ndiyo maana katika Rolling Stones anasikika kama mtu anayeusindikiza wimbo badala ya kuuburuta. Mtazame kwenye filamu za maonyesho: kila mkono wa kushoto unaposhuka kwenye snea, mkono wa kulia unainuka kutoka kwenye haihati, hivyo pigo la snea linabaki peke yake, bila kitu cha kulifunika. Mazoea madogo kama hayo, yakirudiwa kwa karibu miaka sitini, ndiyo yaliyofanya gitaa la Keith Richards liwe na mahali pa kukaa.

Kizazi kilichofuata kiliendelea na tabia ileile ya kukopa nje. Dave Grohl, aliyepiga dramu katika albamu ya Nirvana ya mwaka 1991, “Nevermind”, hutajwa kila siku kama mtoto wa Bonham, na mwenyewe hakatai. Lakini amekiri hadharani kwamba mapigo aliyoyatumia kwenye albamu hiyo, yakiwemo yale yanayofungua “Smells Like Teen Spirit”, aliyachukua kwenye muziki wa fanki na disko: The Gap Band, Cameo, na Tony Thompson wa Chic. Mashabiki wengi wa Nirvana wangeona aibu kukutwa na santuri za disko kabatini, kumbe walikuwa wanacheza disko bila kujua. Nguvu ya mikono ni ya roki, ila mahali pigo linapoangukia ni pa ukumbi wa dansi. Grohl ambaye angekuwa amesikiliza Led Zeppelin peke yake angepiga kwa nguvu ileile, lakini ule mvuto unaoufanya mwili utake kucheza usingekuwapo.

Mtu anaweza kupinga hapa kwamba mtindo ni jambo la mwili, na Ringo Starr ndiye shahidi wake mkuu. Ringo ni mtu wa kushoto aliyekaa kwenye dramu zilizopangwa kwa mtu wa kulia. Anapotaka kuzunguka kutoka snea kwenda ngoma nyingine, mkono unaotaka kutangulia ni ule ambao njia yake imezibwa, hivyo anasita kidogo na kuingia kwa pembe isiyotarajiwa. Vile vijazo vyake vya ajabu, yaani mapigo ya kuziba pengo kati ya sehemu za wimbo, katika “Rain” na “Come Together” vina uhusiano na tatizo hilo kuliko na mwalimu yeyote. Pingamizi hili lina uzito, na nusu yake ni kweli. Mwili huamua mengi kuhusu namna ya kufika kwenye pigo, lakini kipi kisipigwe huamuliwa na sikio. Ringo alikulia Liverpool akiupenda muziki wa kantri na bluzi, hata akafikiria kuhamia Houston kwa sababu huko ndiko alikoishi mwanabluzi Lightnin' Hopkins. Katika muziki huo mpigaji humwachia mwimbaji nafasi. Watu wa kushoto waliokalia dramu za watu wa kulia ni wengi duniani, lakini aliyegeuza kasoro hiyo kuwa utumishi kwa wimbo ni yule aliyekuwa tayari amefundishwa utumishi huo na santuri. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba baada ya The Beatles kuonekana kwenye kipindi cha Ed Sullivan, tarehe 9 Februari 1964, mbele ya watazamaji wapatao milioni 73, vijana wa mkono wa kulia walianza kuviiga vijazo vile. Walikuwa wakitafuta ufumbuzi wa tatizo ambalo wao hawakuwa nalo, na katika kuhangaika huko wakapata vijazo vyao wenyewe.

Pingamizi la pili ni la mafundi mitambo: kinachoitwa mtindo wa Bonham, wanasema, ni chumba. Hadithi ya “When the Levee Breaks” inajulikana. Dramu ziliwekwa ukumbini katika nyumba kongwe ya Headley Grange, Hampshire, na fundi Andy Johns akatundika maikrofoni mbili juu kwenye ngazi, mbali na ngoma, ili zinase mwangwi wa nyumba nzima. Sauti iliyopatikana ilikuwa kubwa mno hata ikakatwa na kutumiwa tena na wengine, wakiwemo Beastie Boys mwaka 1986. Ni kweli kwamba wapigaji wengi waliojiita warithi wa Bonham walikimbilia chumba hicho: wakatafuta kumbi za mawe na ngoma kubwa zaidi, na matokeo yakawa kelele tupu. Lakini kushindwa kwao kunathibitisha kwamba sauti na mtindo ni vitu viwili. Chumba kinaweza kulikuza pigo. Hakiwezi kulichelewesha kwa unywele mmoja ili lilegee bila kuanguka. Kuchelewesha huko, kunakosikika wazi katika rekodi ile, ni tabia ya mtu aliyesikiliza bluzi na jazi kwa muda mrefu.

La tatu ni gumu zaidi. Wanamuziki huchagua mababu wao kama wanasiasa wanavyochagua marafiki wa utotoni, yaani kwa kuangalia jina lipi lina heshima kwa wakati huo. Kumtaja Krupa au mpiga dramu wa jazi Max Roach humpa mpigaji wa roki cheo ambacho bendi yake pengine haimpi. Ginger Baker aliichukia lebo ya roki na kusisitiza mpaka uzeeni kwamba yeye ni mtu wa jazi. Watts naye alisema mengi ya namna hiyo kwa upole zaidi. Kwa hiyo ushahidi wa mdomo pekee hauwezi kusimama. Dawa yake ni kuurudisha kwenye rekodi. Dai la Porcaro linakubalika kwa sababu kila kipande alichokitaja kinasikika mahali alipokitaja. Dai la Grohl kadhalika, na lina nguvu zaidi kwa kuwa halimwongezei heshima kwa watu wake. Mpigaji wa punk kama yeye anayekiri kuiga disko hana cha kujisifia. Mpigaji anapotaja gwiji ambaye hasikiki popote katika mikono yake, tuelewe kwamba ametaja mtu anayempenda, na kupenda si kurithi.

Wapo pia watoto wa magwiji, ambao wangetarajiwa kuubatilisha mjadala wote. Jason Bonham alikaa kwenye kiti cha baba yake wakati Led Zeppelin walipokutana tena kwenye ukumbi wa O2, London, Desemba 2007, na wengi walikubali kwamba kazi ile aliiweza. Lakini sifa aliyopewa ilikuwa ya kuitunza nyumba ya baba yake, nayo ni sifa tofauti na ya kujenga yake. Zak Starkey, mtoto wa Ringo, alikwenda njia nyingine. Seti ya dramu alipewa na Keith Moon, rafiki wa familia, na kuanzia mwaka 1996 mpaka 2025 alipiga na The Who, bendi ya Moon mwenyewe. Moon alifurika; hakuna sehemu ya wimbo aliyoiona tupu akaiacha ilivyo. Kenney Jones, aliyeingia baada ya Moon kufariki mwaka 1978, alipiga kwa utulivu na akalaumiwa kwa utulivu huo. Starkey alikubalika kwa sababu alileta moto wa Moon ukiwa ndani ya saa ya Ringo. Kwake mabwana wawili waliokaribia kuwa kinyume walikutana, na pale walipokutana ndipo jina lake lilipopatikana.

Mkopo huu haukwenda upande mmoja. Baker alifunguliwa masikio na Phil Seamen, mpiga dramu wa jazi wa London aliyemsikilizisha santuri za ngoma za Afrika. Mwaka 1971 alivuka Sahara kwa gari mpaka Lagos, akarekodi na mwanamuziki Fela Kuti na kufungua studio. Waandishi wengi huishia hapo, wakitupa picha ya Mzungu aliyekwenda kuchota kisimani. Lakini mpiga dramu wa Fela aliyemkuta Lagos, Tony Allen, alikuwa amejifunza kwa kuwasikiliza Krupa, Art Blakey na Max Roach kwenye santuri za Marekani. Kwa Roach alijifunza thamani ya haihati, chombo ambacho wapigaji wenzake wa highlife, muziki wa dansi wa Afrika Magharibi, walikuwa wakikipuuza, na akakiunganisha na midundo ya nyumbani mpaka viungo vinne vikawa vinazungumza kila kimoja kivyake bila kugombana. Alichokikuta Baker, basi, kilikuwa kimeshapita New Orleans, Chicago na New York kabla ya kurudi Lagos. Anayetafuta chemchemi safi, ya Kiafrika au ya Kimarekani, hataipata, kwa sababu Allen naye ni zao la kanuni ileile iliyomtoa Porcaro.

Kuna hatari katika hoja hii, nayo ni kwamba ikiwa kila mtu amekopa, hakuna anayedaiwa. Hapo ndipo lazima tukaze. Sheria za hakimiliki kwa kawaida hulinda maneno na wimbo, na mdundo wa dramu huachwa nje. Clyde Stubblefield, aliyepiga “Funky Drummer” ya James Brown, alisikia mdundo wake ukikatwa na kupachikwa kwenye nyimbo nyingi mno za rap na pop, na hakuhesabiwa kuwa mtunzi wa hata nukta moja. Charles Connor alisikika ndani ya mojawapo ya nyimbo maarufu za roki bila jina lake kuandikwa popote kwenye jalada. Tofauti iliyopo kati ya Bonham na mashine inayokata kipande ni kwamba Bonham alilipa kwa kazi: alikipitisha kitu cha Connor mwilini mwake kikatoka kingine. Lakini malipo hayo ya kisanaa hayafuti deni la kutaja jina. Porcaro aliwataja watu wake mmoja mmoja mbele ya kamera, na hakuna aliyemwona mdogo kwa hilo. Kinyume chake, ndiyo sababu mdundo wake unafundishwa leo pamoja na historia yake.

Neil Peart anatupa kipimo cha mwisho. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa yeye mwenyewe gwiji wa kutajwa kwenye orodha, na wapigaji wadogo walikuwa wakikariri vijazo vyake nukta kwa nukta. Baada ya kusimamia albamu ya kumuenzi mpiga dramu wa jazi Buddy Rich, iliyotoka mwaka 1994, alijiona hajui kuyumba kama watu wa jazi. Akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40 alikwenda kwa mwalimu, Freddie Gruber, akabadili namna ya kukaa, namna ya kushika vijiti na mpangilio wa dramu zake, na miaka kadhaa baadaye akaenda tena kwa mpiga dramu wa jazi Peter Erskine. Wapo mashabiki waliolalamika kwamba Peart wa zamani alikuwa bora, na huenda kwa nyimbo fulani wana haki. Lakini alijua jambo ambalo waliomkariri hawakulijua: mtindo wake ulitokana na kuwapatanisha Moon, Krupa na Baker, na ungekufa siku ambayo hapangekuwa na mgeni mpya wa kupatanishwa nao. Kijana anayeanza leo, mwenye rekodi zote za dunia kwenye simu yake, hana uhaba wa magwiji. Anayetaka kusikika yeye atafute wawili wasiosalimiana, akae katikati yao mpaka waelewane, kisha awataje wote wawili kwa majina.